Je, Wajua? Coober Pedy, Mji Ulioingia Shimoni

Je, wajua kwamba upo mji Australia ambako mtu akitaka kuongeza chumba cha kulala haiti fundi mwashi wala haagizi tofali, bali hukodi mashine ya kutoboa mwamba? Mji huo ni Coober Pedy, katika jimbo la Australia Kusini. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 1,566, na zaidi ya nusu yao hulala chini ya ardhi, katika nyumba zilizochongwa ubavuni mwa vilima vyekundu. Ukifika mchana wa Januari utadhani mji umehamwa. Utaona mabomba ya kupitishia hewa yamechomoza vilimani, magari mabovu, vichuguu vyeupe vya vifusi hadi upeo wa macho, na watu hakuna. Wapo. Wako chini.

Je, wajua ni mbali kiasi gani? Adelaide, makao makuu ya jimbo, iko kilomita 846 kusini. Ni kama Dar es Salaam hadi Mbeya, ila uondoe Chalinze, Morogoro, Iringa na Makambako, uondoe na wauza mahindi ya kuchoma wote wa njiani. Ukishaiacha Port Augusta, zimebaki kilomita 540 za jangwa na vituo vichache vya mafuta. Barabara hiyo, Stuart Highway, ilikamilishwa kutiwa lami mwaka 1987 tu. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi, na siku ya mvua ilikuwa tope. Bahati yao mvua ni adimu: milimita 150 hivi kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Tanga inaweza kukimaliza ndani ya wiki moja mbaya ya masika.

Je, wajua mji huu uligunduliwa na mtoto aliyeachwa kambini? Mwanzoni mwa mwaka 1915 kikundi kidogo cha watafutaji dhahabu kilipita hapa na ngamia wake, dhahabu hakuna, maji yanaisha. Kiongozi wao, Jim Hutchison, alikuwa na mwanawe Willie, umri miaka 14. Tarehe 1 Februari watu wazima walitoka kutafuta maji, kijana akabaki na kazi ya kulinda kambi. Waliporudi jioni hawakumkuta. Giza lilipoanza kuingia ndipo alipotokea, na mfuko wa mawe yenye rangi begani, akiwaambia kwamba maji pia ameyapata. Mawe hayo yalikuwa kito kiitwacho opali, na siku nane baadaye eneo la kwanza la kuchimba opali likawekewa vigingi. Kwanza mahali hapa paliitwa kwa jina la mpelelezi wa Kiskoti, John McDouall Stuart; jina la sasa, lililotoholewa kutoka lugha za wenyeji wa asili, lilichaguliwa mwaka 1920.

Je, wajua nani aliwafundisha wachimbaji kuishi shimoni? Masimulizi ya mji huwapa sifa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, ambao walikuwa wameyazoea mahandaki ya Ulaya, pamoja na vibarua waliokuwa wamemaliza kujenga reli ya kuvuka bara mwaka 1917. Huenda. Lakini joto la pale lina uwezo wa kufundisha bila msaada wa askari yeyote. Kiangazi chao, Desemba hadi Februari, kipimo hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na zipo siku kinapopita 45. Usiku wa Julai nao baridi hukaribia sifuri. Ndani ya mwamba ni nyuzi 23 hadi 25, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe, bila kiyoyozi na bila hita. Mti wa kujengea haukuwepo. Shimo lilikuwepo tayari, kwa kuwa ulishalichimba ukitafuta opali. Ukikosa jiwe, basi umepata nyumba.

Je, wajua nyumba hizo zikoje? Msomaji anayewaza pango la popo amekosea. Kuna sebule zenye zulia, maktaba, baa, hata bwawa la kuogelea. Wanawake watatu walichimba nyumba ya namna hiyo kwa sururu na koleo katika miaka ya 1960, na leo ni makumbusho ambayo wageni hulipia kuingia. Siku hizi kazi hufanywa na mashine yenye meno yanayozunguka, ambayo huacha mikwaruzo ya mviringo ukutani. Wenyewe huipenda mikwaruzo hiyo kuliko rangi ya kopo. Mwamba ni wa mchanga, wenye michirizi ya waridi na krimu. Ukiachwa hivi hivi hudondosha vumbi kwenye ugali, kwa hiyo hupakwa gundi iliyochanganywa na maji hadi ung'ae kidogo. Rafu huchongwa palepale ukutani. Jiko na bafu kwa kawaida huwekwa karibu na mlango, maana kupitisha bomba la maji machafu katikati ya kilima si mchezo.

Kinachowasumbua wageni ni giza. Chumba cha ndani hakina dirisha. Ukizima taa, mkono wako mwenyewe huuoni, na kimya chake ni kile ambacho mtu wa Kariakoo hajawahi kukisikia. Jogoo hata akiwika hakufikii. Watu hulala usingizi mzito sana. Saa ya ukutani ndiyo inayowaambia kama kumekucha.

Je, wajua sheria inakataza kuchimba opali ndani ya mipaka ya mji, lakini haikatazi mtu kupanua nyumba yake? Hapo patamu. Ukikutana na mkanda wa opali wakati unachonga chumba cha wageni, hiyo ni ajali ya ujenzi. Coober Pedy imejaa hadithi za familia ndogo zilizojikuta na nyumba za vyumba vingi kupita idadi ya wanaolala humo. Tena haikuanza leo. Mwaka 1968 mtu mmoja akipanua makazi yake alitoboa ukuta na kutokea kwenye mgodi wa mwaka 1916, uliochimbwa kwa mkono na kisha kufukiwa, ukiwa bado na opali ukutani. Alichofanya ni kuugeuza makumbusho. Wengine, nadhani, waliendelea tu kupanua.

Je, wajua opali haina rangi ndani yake? Jiwe hili ni silika na maji. Hadi katikati ya karne iliyopita hakuna aliyejua kwa hakika ule moto wa kijani, bluu na nyekundu unatoka wapi. Mwaka 1964 wanasayansi wa Australia waliiweka opali chini ya hadubini ya elektroni, wakaona vijidonge vidogo mno vya silika vimepangwa safu juu ya safu, sawasawa kama machungwa ya muuza matunda mwenye subira. Mwanga ukipita kati ya vijidonge hivyo hupinda na kugawanyika, na saizi ya vijidonge ndiyo inayoamua rangi gani itoke. Vidogo hutoa bluu. Vikubwa hutoa nyekundu, na kwa kuwa vikubwa vilivyopangika vizuri ni nadra, opali yenye moto mwekundu ndiyo ghali. Ambapo vijidonge vimejikalia ovyo, jiwe huwa na rangi ya maziwa au kijivu tu. Wachimbaji huliita hilo "potch", na ndilo wanalolipata siku nyingi za maisha yao.

Je, wajua jangwa hili lilikuwa sakafu ya bahari? Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita bahari ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Australia, na maji yake huku kusini yalikuwa ya baridi. Ilipokauka, silika iliyoyeyuka ilipenya kwenye nyufa na matundu ya mwamba, na popote palipokuwa na tundu lenye umbo la kiumbe, opali ilichukua umbo hilo. Ndiyo maana huku mtu huokota kome na konokono wa kale waliogeuka vito. Mwaka 1987 mchimbaji mmoja alifukua mifupa ya mnyama mtambaazi wa baharini, karibu mzima, yote opali. Alikuwa na ndani yake mifupa ya samaki: mlo wake wa mwisho. Wataalamu walimpa jina la utani Eric. Mnyama alipokaribia kuuzwa vipandevipande na kutengenezewa vidani, michango ya umma, pamoja na senti za watoto wa shule, ilifikisha zaidi ya dola 300,000 za Australia, naye akanunuliwa kwa ajili ya jumba la makumbusho Sydney. Mwaka 2006 jamii yake ilipewa jina la kisayansi, Umoonasaurus, kutokana na Umoona, jina jingine la Coober Pedy katika vinywa vya wenyeji.

Je, wajua kwa nini hakuna kampuni kubwa inayotawala opali ya Coober Pedy? Kwa sababu ya ukubwa wa kiwanja. Mchimbaji hukata kibali, hupiga vigingi vinne, na kiwanja cha kawaida ni mita 50 kwa 50 au 50 kwa 100. Ukitaka kingine, kiache hicho kwanza au uungane na mwenzio. Ukiwa na mtaji wa mabilioni utaufanyia nini kwenye uwanja wa mpira? Tena opali haina tabia za dhahabu. Haifuati mkondo unaoweza kuupima kwa mashine ukiwa ofisini. Unaweza kuchimba mita mbili pembeni ya utajiri na usijue hadi kufa. Kwa hiyo hadi leo kazi ni ya watu wawili watatu, baba na mwana, marafiki waliopeana mikono bila karatasi. Mwana-Apolo, yaani mchimbaji wa tanzanite wa Mirerani, akishuka humo atajisikia nyumbani, ila atashangaa kukosa foleni.

Vifaa ni vya kwao wenyewe. Kuna lori lenye pipa kubwa na bomba nene lililozamishwa mgodini, ambalo hufyonza mawe na vumbi kutoka chini mita 20 na zaidi, kisha kuyamwaga juu ya ardhi. Wameliita "blower" ingawa halipulizi, linavuta. Rundo linaloachwa na lori ndilo kile kichuguu cheupe unachokiona kutoka angani. Na kichuguu nacho kina watu wake: wazee, watalii na watoto hukaa juu yake na chekeche, wakipekua kilichoponyoka. Wapo walioishi kwa kazi hiyo.

Wapo pia wa zamu ya usiku. Hao hushuka kwenye shimo la mwenzao aliyeonekana akicheka sana baa, wakachimba hadi alfajiri. Mjini huitwa panya, na kwa miaka mingi hawakuwa wakipelekwa polisi kwanza. Ndiyo sababu ya adabu ya pale kwamba humuulizi mtu amepata nini. Aliyepata husema hajapata. Aliyefilisika husema mambo si mabaya. Wanunuzi, wengi wao kwa miongo mingi wakitokea Hong Kong, walikaa vyumba vya hoteli na fedha taslimu, na bei ilikubaliwa kwa jicho, jiwe kwa jiwe, kwa kuwa opali haina bei ya dunia inayotangazwa redioni kila asubuhi.

Je, wajua opali maarufu kuliko zote hapa ina jina la Olimpiki? Ilitoka uwanda wa Eight Mile mwaka 1956, wakati Melbourne ikiandaa michezo, ikaitwa Olympic Australis. Karati 17,000, karibu kilo tatu na nusu, na karibu yote ni opali safi. Haijakatwa hadi leo.

Lakini huo uwanda wa Eight Mile una mwenyewe ambaye hutajwa kwa haraka mno. Miaka ya 1930 mdororo wa uchumi uliangusha bei, wachimbaji wakaondoka, mji ukabaki na wachache. Aliyeufufua ni Tottie Bryant, mwanamke wa wenyeji wa asili, aliyeiona opali ya Eight Mile mwaka 1946. Watu walikuja mbio. Ramani za kitalii zinamtaja kijana Willie kwa herufi kubwa. Mama huyu ukimtaka itabidi umtafute.

Je, wajua mji wenye watu wasiotimia 2,000 unaweza kuwa na watu wa asili ya mataifa zaidi ya 45? Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja Wagiriki, Waserbia, Wakroati, Waitaliano, Wajerumani, Wahungaria. Wengine walikuwa wakimbizi, wengine walikuwa na sababu za kutopenda kuulizwa jina. Coober Pedy haikuuliza. Huko Ulaya ndugu zao walipigana. Huku waligawana baruti. Mmoja, mzaliwa wa Latvia aliyejulikana kama Crocodile Harry, alijisifu kwa ubaroni na kuwinda mamba mamia kwa mamia, na shimo lake alilolipamba kwa vinyago na saini za wageni lilitokea katika filamu ya Mad Max ya mwaka 1985. Alifariki mwaka 2006. Ukweli wa mamba hao aliondoka nao.

Waserbia walijichongea kanisa. Lilikamilika mwaka 1993, ukumbi wa mita 30 hivi kwa urefu, dari lililokatwa kwa umbo la kuba, watakatifu wamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Limetolewa kwa heshima ya Nabii Eliya. Yaani nabii aliyepaa mbinguni kwa gari la moto amepewa nyumba shimoni, na waumini hawaoni kichekesho chochote.

Je, wajua kuna uwanja wa gofu usio na jani moja? Mchezaji hutembea na kipande kidogo cha nyasi za bandia, hukitandika, huweka mpira, hupiga, hukibeba tena. Sehemu ya kumalizia shimo ni mchanga uliomwagiwa oili chafu ya gari ili upepo usiuchukue. Kiangazi hucheza usiku kwa mipira inayong'aa gizani.

Timu ya mpira wa miguu wa Kiaustralia, Saints, haina raha hiyo. Ligi yao huchezwa Roxby Downs, na mechi moja ni safari ya kilomita 900 hivi, kwenda na kurudi. Huondoka asubuhi, hucheza, hurudi usiku wakikwepa kangaruu barabarani. Wakifungwa, kilomita ni zilezile.

Je, wajua sinema ya pale ilikuwa na onyo gani? Ni uwanja wa wazi, watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, ulifunguliwa mwaka 1965. Kabla ya filamu kuanza, skrini iliwakumbusha wateja kwamba baruti haziruhusiwi ndani. Tusicheke sana. Baruti iliuzwa kama bidhaa ya kawaida, ilibebwa nyuma ya pikapu pamoja na mikate, na migogoro ya mapenzi na ya mashimo ilitatuliwa nayo mara nyingi kuliko polisi walivyopenda.

Mti wa kwanza mjini ulikuwa wa chuma. Mtu aliuunganisha kwa kuchomelea mabaki ya lori lililoungua, akausimamisha juu ya kilima. Uko mpaka sasa.

Je, wajua maji yanatoka wapi? Zamani yaliletwa kwa ngamia na baadaye kwa malori, na kila familia ilikuwa na mgawo. Leo yanavutwa kutoka kisima kirefu kilomita 20 na ushei nje ya mji, ni ya chumvi, na tangu miaka ya 1980 husafishwa kwa mtambo wa kuchuja chumvi ndipo yanywewe. Bei yake huwatoa watu machozi, machozi ambayo nayo ni maji ya chumvi. Umeme una habari njema zaidi. Mji hauko kwenye gridi ya taifa, na kwa miaka mingi uliendeshwa na majenereta ya dizeli. Tangu 2017 mitambo miwili mikubwa ya upepo, paneli za jua na betri huchangia takriban asilimia 70 ya umeme, dizeli ikisubiri zamu yake.

Je, wajua mtu wa posta ana kazi gani? Kutoka Coober Pedy gari la barua hutoka mara mbili kwa wiki kuzunguka kilomita 600 za njia ya vumbi: William Creek, Oodnadatta na mashamba ya ng'ombe ya kati. Hubeba barua, vipuri, mboga, na watalii wanaolipia kiti. Miongoni mwa wateja wake ni Anna Creek, shamba kubwa kuliko yote duniani kwa ng'ombe, zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Unguja na Pemba zote zingeingia humo mara sita. Njiani huvuka ua wa mbwa: wavu wa kuzuia dingo, mbwa mwitu wa Australia, wasishuke kusini kula kondoo. Una urefu wa kilomita 5,600 hivi. Upande mmoja ni ng'ombe, upande wa pili ni kondoo, na kuna watu ambao ajira yao ni kuendesha gari kando yake wakiziba matundu.

Je, wajua sehemu hizi zilifunguliwa kwa ngamia, na kwamba wachunga ngamia walikuwa Waislamu? Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa kutoka Afghanistan, Uhindi ya wakati huo na Baluchistan, wakabeba sufu, nguzo za simu, unga na mataruma ya reli. Wazungu waliwaita wote Waafghani bila kuuliza, na treni ya leo ya Adelaide hadi Darwin, The Ghan, inabeba jina hilo. Sisi wa pwani tunawajua jamaa zao: Mabulushi ndio waliolinda Ngome ya Yesu Mombasa na boma za Unguja enzi za masultani wa Oman. Mbulushi mmoja akapewa bunduki Mombasa, mwingine akapewa hatamu ya ngamia Australia. Malori yalipokuja, ngamia walifunguliwa waende zao, na wajukuu wao sasa ni mamia ya maelfu porini. The Ghan yenyewe husimama Manguri, kituo kisicho na mji, zaidi ya kilomita 40 kutoka Coober Pedy.

Sasa hapa tupunguze kasi kidogo.

Je, wajua wanawake wazee wa mji huu waliishinda serikali? Tarehe 15 Oktoba 1953 Uingereza ililipua bomu la nyuklia Emu Field, jangwani magharibi ya Coober Pedy. Lilibatizwa Totem 1. Watu wa makabila ya asili walikuwa wakiishi na kusafiri katika nchi hiyo. Walisimulia juu ya ukungu mweusi uliopita chini chini juu ya kambi zao, wenye mafuta na harufu, na baada yake macho kuuma, kutapika, na vifo. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mwenye cheo aliyetaka kusikia. Tume ya kifalme ilikaa kuwasikiliza katikati ya miaka ya 1980. Baada ya Emu Field majaribio mengine yalifuata Maralinga, kati ya 1956 na 1963.

Halafu mwaka 1998 serikali ya shirikisho ikatangaza mpango wa kuzika taka za mionzi jangwani, katika jimbo hilohilo la Australia Kusini. Wazee wanawake wa Coober Pedy, waliojiita Kupa Piti Kungka Tjuta, wakakataa. Baadhi yao walikuwa wasichana wakati wa ukungu ule. Hawakuwa na ofisi ya maana wala wanasheria wa suti. Walikuwa na nyimbo za nchi, kumbukumbu, na barua walizosema kwa mdomo zikaandikwa na vijana. Walisafiri Adelaide, walisafiri Sydney na Melbourne, na kila walipokaa waliimba. Kampeni yao iliitwa Irati Wanti: sumu hiyo, iacheni. Mwaka 2003 wawili kati yao, Eileen Kampakuta Brown na Eileen Wani Wingfield, walipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, moja ya tuzo kubwa duniani kwa watetezi wa mazingira. Julai 2004 serikali iliufuta mpango. Na mwaka 2011 mahakama ya shirikisho ilitambua haki za asili za watu wa Antakirinja Matu-Yankunytjatjara juu ya eneo kubwa linalouzunguka mji. Ukisoma vipeperushi vya hoteli, utapata kurasa nne za nyumba za shimoni na aya moja ya wanawake hawa, ukibahatika.

Je, wajua mshindani wa Coober Pedy ni jirani yetu? Mwaka 2008 opali nzuri ilianza kuchimbwa Wollo, kaskazini mwa Ethiopia, juu milimani, kwa kamba na tindo. Ni nyingi, ni ya kung'aa, na bei yake iliwatikisa Waaustralia, hasa kwa kuwa dizeli ya kuendeshea lori la kufyonza haishuki bei. Wachimbaji wa kudumu wamepungua. Wengi wanaoshuka mashimoni leo ni watalii wenye kofia za plastiki, na baadhi ya wachimbaji wa zamani wamekuwa waongozaji wao, kazi ambayo malipo yake huja kila siku.

Je, wajua bango maarufu zaidi la pale linasemaje? Mashimo yaliyoachwa wazi ni mengi kiasi kwamba yanakadiriwa kwa mamia ya maelfu, upana mita moja, kina cha ghorofa kadhaa, bila uzio. Pembeni ya barabara kuna michoro ya mtu anayeanguka, na maneno yanayokataza kukimbia na kutembea kinyumenyume. Hili la pili ni kwa ajili ya wapiga picha, wanaorudi nyuma hatua moja ili mandhari yote iingie.

Na hili la mwisho wengi halijawafikia. Alfajiri ya tarehe 6 Desemba 2020, watu wa Coober Pedy walitoka mashimoni wakatazama juu. Mstari wa moto ulikata anga. Kilikuwa kidonge cha chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kikirudi kutoka sayari ndogo ya Ryugu, kikatua katika eneo la majaribio la Woomera. Ndani yake mlikuwa na gramu tano na ushei za vumbi na vijiwe, vilivyosafiri miaka. Kwa mara moja jiwe adimu lilifika jirani na mji ule bila mnunuzi hata mmoja kulikadiria.